Eksirei, ultrasaundi, siti skani au MRI: tatizo lako linahitaji kipi?

Mgonjwa akitoka Ludewa au Kyela kwenda Mbeya kupigwa picha, bei ya kipimo ni sehemu tu ya gharama. Kuna nauli, kuna pa kulala, kuna ndugu wa kumsindikiza aliyeacha shamba lake. Ndiyo maana inaniuma kila ninaposikia mtu amerudishwa kwa sababu alikunywa chai asubuhi, au amelipia kipimo kikubwa ambacho hakikuwa na uwezo wa kuliona tatizo lake. Yote mawili yanazuilika kabla hajapanda basi.

Imani iliyoenea huku kwetu, kuanzia Mafinga hadi Tunduma, ni kwamba mashine hizi zimepangwa kwa ngazi: chini eksirei, juu yake ultrasaundi, kisha siti skani, na kileleni MRI. Daktari akikuandikia ya chini, watu wanasema anakubania. Hakuna ngazi ya namna hiyo. Kila mashine ina kitu inachokiona vizuri na kitu isichokiona kabisa, na yapo magonjwa ambayo ultrasaundi ya hospitali ya wilaya huyaona vizuri kuliko siti skani ya hospitali ya rufaa. Swali la kumuuliza daktari ni hili: "Daktari, unatafuta nini, na kipimo hiki kitakionyesha?" Una haki ya kuliuliza, na daktari mzuri atakujibu bila kukunja uso.

Kila mashine inaonaje

Eksirei hupitisha mionzi mwilini. Mfupa huizuia na hewa huiachia ipite, kwa hiyo mfupa hutoka mweupe na mapafu hutoka meusi. Vilivyobaki, yaani misuli, ini, utumbo na mishipa ya fahamu, hutoka kijivu cha kufanana na ni vigumu kuvitenganisha. Wilhelm Röntgen aliigundua mionzi hii huko Ujerumani mwaka 1895, na msingi wa kazi yake mpaka leo ni uleule.

Siti skani ni ndugu wa damu wa eksirei. Mionzi ni ileile, ila hapa chanzo chake kinamzunguka mgonjwa, halafu kompyuta inaunda picha za vipande vyembamba, kama mkate uliokatwa slesi ambao unaweza kuuangalia kipande kimoja kimoja. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa njia hiyo jijini London tarehe 1 Oktoba 1971.

Ultrasaundi haitumii mionzi. Hutuma sauti ya juu mno isiyosikika kwa sikio, kisha hupokea mwangwi wake na kuugeuza kuwa picha. Sauti hiyo hupita vizuri kwenye maji na nyama laini, lakini ikikutana na hewa au mfupa inakwama. Ukishika hilo, masharti karibu yote ya kujiandaa kwa ultrasaundi utayaelewa bila kuambiwa.

MRI nayo haina mionzi. Inatumia sumaku kubwa, kwa kawaida ya tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ambayo ni makumi ya maelfu ya mara ya nguvu ya sumaku ya dunia. Ikishirikiana na mawimbi ya redio, inasoma haidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta ya mwili. Basi inaona vile vitu laini ambavyo eksirei inaviacha kijivu: ubongo, uti wa mgongo, diski (mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo), kano za goti.

Eksirei au ultrasaundi?

Hizi mbili ndizo zinazopatikana karibu na watu wengi, na ni nafuu kuliko zile nyingine. Kwa mfupa, anza na eksirei. Kijana wa bodaboda aliyeanguka mteremko wa Mbalizi na mguu ukapinda hahitaji MRI. Anahitaji eksirei ya pande mbili, moja kutoka mbele na nyingine kutoka ubavuni, kwa sababu ufa usioonekana upande mmoja huweza kuonekana wazi upande wa pili. Ukipewa picha ya upande mmoja tu, uliza.

Kwa kifua pia, eksirei. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, mwili kupungua: picha ya kifua itaonyesha kama mapafu yameguswa. Ila ieleweke kwamba picha peke yake haithibitishi kifua kikuu. Kinachothibitisha ni makohozi kupimwa maabara. Na kama umewahi kuchimba au kusaga mawe ya dhahabu, kule Chunya au kwingineko, mwambie daktari hata kama ni miaka mingi imepita. Vumbi la mawe huacha makovu kwenye mapafu yanayoweza kufanana na kifua kikuu, na magonjwa haya mawili hupenda kuandamana. Anayeisoma picha bila kujua historia hiyo anaweza kupotea. Ultrasaundi haiwezi kuchukua nafasi ya eksirei hapa kwa sababu mapafu yamejaa hewa, isipokuwa pale daktari anapotaka kujua kama kuna maji yaliyojaa kifuani. Maji hayo ultrasaundi huyaona vizuri sana.

Tukishuka tumboni, mambo yanageuka. Ini, kifuko cha nyongo, figo, kibofu, tezi dume, uvimbe wa kizazi, mtoto tumboni: hapo ultrasaundi ndiyo ya kuanza nayo. Na hapa ndipo penye mfano unaovunja ile imani ya ngazi. Mawe ya nyongo huonekana vizuri zaidi kwa ultrasaundi kuliko kwa siti skani. Baadhi ya mawe hayo uzito wake unakaribiana mno na nyongo yenyewe, mionzi inapita bila kuyatofautisha, na siti skani inatoa jibu kwamba hakuna kitu. Sauti ikigonga jiwe inarudi, na nyuma ya jiwe panabaki kivuli cheusi. Mtu mwenye maumivu ya juu kulia kila akila vyakula vya mafuta, akaruka ultrasaundi kwa kuidharau na kwenda kulipia siti skani, anaweza kuambiwa ni mzima na kurudi nyumbani na mawe yake.

Udhaifu wa ultrasaundi ni mkubwa katika jambo moja: inategemea sana mkono na jicho la anayeishika. Eksirei ikishapigwa, daktari mwingine anaweza kuisoma upya. Ultrasaundi huonekana wakati ule ule, na picha chache zinazochapishwa hazibebi yote aliyoyaona mpimaji. Kwa hiyo majibu yakigongana na hali ya mgonjwa, kurudia kipimo kwa mtaalamu mwingine ni jambo la busara, na huna haja ya kuona aibu kuliomba.

Siti skani au MRI?

Tofauti kubwa ya kwanza ni muda. Siti skani huchukua picha kwa sekunde chache, na pamoja na kupanda na kushuka mezani ni dakika kama kumi. MRI huchukua dakika 20 hadi 60, na mgonjwa lazima atulie kabisa. Hivyo kwa mtu aliyegongwa kichwa, anayetapika, anayesinzia au asiyejielewa, siti skani ndiyo yake. Damu iliyovuja kichwani huonekana nyeupe mara moja, na daktari wa upasuaji anajua pa kuanzia.

Kiharusi kinahitaji maelezo kidogo, maana familia nyingi hukwazika hapa. Mdomo umepinda, mkono umelegea, siti skani inapigwa, jibu linasema hakuna kilichoonekana. Ndugu wanaanza kufikiria mambo mengine na wengine wanamwondoa mgonjwa hospitalini. Kiharusi cha mshipa kuziba huweza kutoonekana kwenye siti skani katika saa za mwanzo. Kipimo kimefanya kazi yake kwa kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja, na jibu hilo ndilo linalomwongoza daktari kwenye dawa za kutumia. Mgonjwa abaki hospitali.

MRI inang'ara kwenye mambo yanayohitaji undani na yanayoweza kusubiri kidogo: degedege zilizoanza ukubwani bila sababu, uti wa mgongo, goti lililochanika ndani, saratani ya shingo ya kizazi au ya tezi dume inapotakiwa kujulikana imesambaa kiasi gani. Kwa jiwe la figo, kwa upande mwingine, siti skani isiyo na sindano ya dawa ya kung'arisha picha inaishinda MRI kwa mbali.

Siti skani na MRI huwa hospitali kubwa tu, nazo mashine hizi huharibika. Piga simu kwanza, hata kama unakwenda hospitali ya rufaa ya kanda. Uliza mambo matatu: mashine inafanya kazi wiki hii? Nipangiwe siku gani? Bima yangu inalipia, na inahitaji kibali? Kama ni ajali ya kichwa na siti skani ipo leo mlipo, msiiache kufuata MRI ya mji mwingine.

Mgongo, penye fedha nyingi zinazopotea

Nyanda za juu kusini ni nchi ya kubeba. Mama anabeba kuni, maji, gunia la viazi na mtoto. Baba anapasua mbao au analima matuta mlimani kwa jembe la mkono. Mgongo unauma kwa wengi, na wengi huwa tayari wameambiwa na jirani kwamba wanahitaji MRI.

Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki sita hivi, kwa dawa za kawaida za maumivu na kuendelea kujongea. Kupiga picha mapema hakuharakishi kupona. Na kuna tatizo la pili ambalo watu hawaambiwi: MRI huona mno. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Hata wenye umri wa miaka 20, karibu asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Wa miaka 80, asilimia 96. Maana yake, ukimpiga MRI mkulima wa miaka 50 kuna uwezekano mkubwa utakuta kitu, na kitu hicho kinaweza kisiwe ndicho kinachomuuma. Akisomewa karatasi kwamba diski imetoka, anaacha kulima, anaogopa kuinama, anaanza kuishi kama mgonjwa.

Eksirei ya kiuno haimsaidii sana mtu wa namna hii pia. Inaonyesha pingili, haionyeshi diski wala mishipa ya fahamu.

Lakini zipo dalili ambazo zikionekana, usisubiri wiki sita wala siku sita. Miguu kulegea au kufa ganzi. Mkojo au haja kubwa kutoka bila kujijua, au mkojo kuziba. Ganzi sehemu za siri. Homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo, maana kifua kikuu hushambulia pingili pia, hasa kwa mwenye upungufu wa kinga. Mtu aliyewahi kuugua saratani. Mzee aliyeanguka. Hao wapigwe picha haraka, na kwa uti wa mgongo uliobanwa hakuna mashine inayoikaribia MRI. Kwa hao hata kuuza mbuzi ili wafike kwenye mashine nitawaunga mkono.

Hofu ya mionzi

Mwili wa kila mtu hupokea mionzi ya asili kutoka kwenye udongo, miamba, hewa na anga. Wastani wa dunia ni kama milisivati 2.4 kwa mwaka (milisivati ni kipimo cha mionzi inayopokelewa na mwili). Eksirei ya kifua hukadiriwa kuwa milisivati 0.1 au pungufu, sawa na ile ya asili ya siku chache hadi wiki mbili. Siti skani ya kichwa ni kama 2, na ya tumbo hufikia 8 hivi. Hivyo hofu ya eksirei moja ya kifua haina msingi, ila kurudia siti skani ya tumbo kila mwaka "kuangalia tu" ni jambo ninalolipinga waziwazi, hasa kwa watoto, ambao miili yao huathirika zaidi na mionzi. Matumizi ya mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2003. Ndugu anayelazimika kubaki chumbani kumshikilia mtoto apewe aproni ya madini ya risasi, inayozuia mionzi, avae, asipopewa aidai.

Mama mjamzito, au ambaye siku zake zimepita, amwambie mtaalamu wa mionzi kabla ya kuingia. Eksirei ya mkono au ya kifua humfikishia mtoto mionzi kidogo mno, na kama inahitajika kweli haipaswi kukataliwa. Siti skani ya tumbo huangaliwa kwa makini zaidi. MRI bila sindano ya dawa huweza kutumika. Ultrasaundi haina tatizo, na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apate angalau moja kabla ya wiki ya 24.

Kujiandaa

Niliwahi kumsikia mtaalamu wa ultrasaundi akimhoji bibi mmoja aliyetokea Rungwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, leo umekula?"

"Sijala kitu. Mliniambia nisile."

"Hata chai?"

"Chai nimekunywa. Chai na maziwa yangu kidogo."

Bibi alitii alichoambiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba maziwa ni chakula. Kifuko cha nyongo hujaa wakati mtu amefunga, na mafuta yakiingia tumboni kinajikunja kutoa nyongo. Kikijikunja, mawe yaliyomo hayaonekani vizuri. Kwa hiyo ultrasaundi ya tumbo la juu inataka saa 6 hadi 8 bila kula, na chai ya maziwa, uji na parachichi vyote ni kula. Usiku uliotangulia usile maharage wala kitu kingine kinachokujaza gesi, maana gesi ni hewa na sauti haipiti. Maji matupu kwa kawaida yanaruhusiwa, na dawa za presha meza kama kawaida. Mwenye kisukari aombe kuwa wa kwanza asubuhi, na aulize kuhusu sindano yake ya insulini kabla ya siku hiyo.

Ultrasaundi ya nyonga, yaani kizazi, kibofu au tezi dume, inataka kinyume: kibofu kilichojaa. Glasi nne hivi za maji, kama lita moja, saa moja kabla, na usikojoe. Kibofu kikijaa kinasukuma utumbo wenye gesi pembeni na sauti inapata njia. Ukitoka mbali usinywe maji hayo ndani ya basi. Barabara ya Makete ukiwa na lita moja kibofuni ni mateso yasiyo na faida, na utakojoa tu njiani. Njoo na chupa yako, ulizia foleni ikoje, ndipo unywe.

Kwa eksirei hakuna kufunga. Tatizo letu ni nguo. Mwezi wa Juni na Julai watu huja wamevaa sweta tatu na koti, na zipu, vifungo vya chuma na cheni hutokea kwenye picha. Vaa nguo ya juu iliyo rahisi kuvua. Akina dada wenye rasta au nywele ndefu za kusuka, zifungeni juu ya kichwa kabla ya picha ya kifua. Zikilala mabegani huacha michirizi kwenye sehemu ya juu ya mapafu, palepale ambapo kifua kikuu hupenda kukaa. Utaambiwa uweke mikono kiunoni na mabega uyasukume mbele, ili mifupa ya bega itoke juu ya mapafu. Kisha: "Vuta pumzi, shikilia." Vuta kweli, ujaze kifua. Pumzi nusu hufanya mapafu yaonekane yamejaa ukungu na moyo uonekane mkubwa.

Kwa MRI, kinachotawala ni chuma. Sumaku ile haizimwi kati ya mgonjwa na mgonjwa. Iko kazini hata kama chumba kinaonekana kimetulia. Simu, funguo, sarafu, kadi ya benki, saa, pini za nywele, wigi lenye vibanio, sidiria yenye waya: vyote vinabaki nje. Hirizi nayo, iwe kiunoni au shingoni, maana baadhi zina sarafu au waya ndani. Itaje na uivue bila woga, hapo hakuna anayekuhukumu. Mafundi wa kuchomelea, wale wa SIDO Mwanjelwa na wenzao wa kila mji, mseme kama cheche au kipande cha chuma kiliwahi kuingia jichoni, hata zamani. Kipande kidogo kikivutwa na sumaku kinaweza kuharibu jicho, na eksirei ya macho hutangulia kuhakikisha. Mwenye betri ya moyo au klipu ya ubongoni aseme siku anapoandikiwa kipimo, si siku anapofika. Vyuma vya mguu uliowahi kuvunjika mara nyingi havizuii, lakini lazima vitajwe. Kitanzi cha shaba na vijiti vya mkononi vya uzazi wa mpango navyo kwa kawaida havizuii, vitaje tu.

Ndani ya MRI ni pembamba na kuna kelele kubwa za kugonga. Utapewa kinga ya masikio na mpira wa kubonyeza ukihitaji msaada. Kama unaogopa sehemu zilizobana, sema mapema, na funga macho kabla meza haijaingia.

Siti skani, na mara nyingine MRI, huambatana na sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Ya siti skani ina madini ya ayodini. Ikiingia utasikia joto likitembea mwilini, ladha ya chuma mdomoni, na hisia kama umejikojolea. Hujajikojolea, na yote huisha kwa dakika chache. Kabla yake sema kama una ugonjwa wa figo, kama uliwahi kupata mzio wa dawa hiyo, na kama unatumia metformin, dawa ya kisukari. Mwenye figo dhaifu anaweza kuambiwa aisitishe metformin kwa saa 48 baada ya sindano. Kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo, kifanywe hospitali ya karibu na nyumbani kabla ya safari, na majibu yake uje nayo, usije ukalazimika kulala Mbeya kwa ajili ya kipimo hicho tu. Mama anayenyonyesha kwa kawaida haachi kunyonyesha, kwa sababu dawa inayofika kwenye maziwa ni kidogo mno.

Ukishatoka

Uliza majibu yatatoka lini na yatasomwa na nani. Fundi anayeendesha mashine na daktari bingwa anayeandika ripoti huwa ni watu wawili tofauti, na ripoti ya siti skani au MRI huweza kuchukua siku kadhaa. Kama unarudi kijijini, acha namba ya simu inayopatikana na uulize kama ripoti inaweza kutumwa kwa daktari aliyekuandikia. Omba picha pamoja na ripoti, iwe filamu au CD, maana daktari wa upasuaji huhitaji kuiona picha yenyewe. Zihifadhi filamu mahali pakavu, zisikunjwe wala kubebeshwa mizigo juu ya basi, na kila unapokwenda kupimwa tena uzibebe zote, hata za miaka ya nyuma. Doa kwenye pafu lililokuwepo miaka miwili iliyopita na halijakua lina maana tofauti kabisa na doa jipya, na bila picha ya zamani daktari atalazimika kukutuma siti skani ili kujua.